Nusu Kaputi

Miaka ishirini na sita nawalaza watu wa Moshi:
wa Pasua, wa Kiborloni, wa Uru ya juu
walioteremshwa kwa machela ya kanga mvua za masika.
Nawaambia, hesabu. Kumi, kurudi nyuma.
Wengi huishia sita.
Macho yao hubaki wazi, yakicheza kidogo,
kama ya mtu anayesoma mstari uleule.

Kisha hurudi, na hapo ndipo kazi yangu
isiyoandikwa kwenye mkataba.

Mwalimu Elinaja aliona choo cha shule yake
kimejaa nuru, akalia kwa uzuri wake.
Dereva wa saruji kutoka Himo alikuwa maji,
maji ya mfongo, akapita shambani kwa baba yake
na hakuna mgomba hata mmoja uliomtambua.

Na bibi Ndeambilyasia.
Yeye hakuhesabu namba. Alihesabu watoto,
kuanzia kitinda mimba kurudi kwa kifungua mimba,
na alipowafikia aliowazika
sauti haikushuka.
Alipozinduka akanishika mkono:
"Nani kafunga mlango?"
Mlango wetu ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

Mkwewe, mchungaji wa kanisa la turubai kule Majengo,
alisema ni pepo, akaomba maji ya kunawa.
Kaka yake alikuja na jani la sale mfukoni:
wa kale wanadai mbege yao, wapewe, yaishe.
Daktari alikuwa anavua glovu.
"Ni dawa, Kinabo. Dawa tu."

Nilikuwa na kichupa mkononi, cheupe kama maji.
Nikalitazama lile neno tu.
Dogo, lakini wamelibebesha nyumba nzima.
Mbege ni ndizi na ulezi, hilo nalijua,
mama yangu aliipika.
Lakini baba alipolewa akaimba wimbo
ambao hakuna mtu aliyewahi kumfundisha,
nani aliimba, baba au ulezi?

Basi zamu yangu ikafika. Kidole tumbo.
Nasieku, mwanafunzi wangu, alinichoma mshipa,
mkono wake haukutetemeka, nikajivunia.
Nilikuwa nimejipanga: nitakaa kizingitini,
nitachungulia kama mlinzi, nitarudi na habari.
Kumi. Tisa. Nane.

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini.
Saa ya ukutani ikasema kumi na robo.

Katikati, hakuna.
Wala si giza. Giza unaliona.
Mimi niliyewapeleka maelfu
sikuruhusiwa hata barazani.

Mke wangu Aikande alileta mtori kwenye chupa ya chai.
"Uliona nini?"
Miaka yote hiyo alisubiri kuniuliza.
Nikasema: mlima. Kibo, bila wingu.
Akafunga macho. Akasema asante, si kwangu.

Jumapili kwaya yote ya Rau walikuwa wanajua.
Sasa mlima wangu una ngazi,
una mtu mwenye taa juu ya ngazi,
na watu hunisimamisha sokoni Mbuyuni
kuniuliza kama alinitaja jina.
Sikatai. Nachagua nyanya.

Lakini usiku mwingine, na hili sijamwambia yeyote,
naukumbuka.
Theluji naikumbuka, na baridi ya ngazi unyayoni,
ngazi ambayo sikuisema mimi.
Mtu huikumbuka vipi safari
aliyoidanganya?

Zamani mgonjwa akiniuliza, "Nilikuwa wapi?"
nilijibu, "Hapahapa, kitandani," nikaandika mapigo ya moyo.
Siku hizi navuta kigoda.
Nasema, anza unapoweza.

Mlango wa chumba cha upasuaji una bawaba mbovu,
haufungi sawasawa, unaacha ufa wa kidole.
Fundi amekuja mara mbili na bisibisi yake.
Nimemwambia auache.